Mbwa Bado Wanabweka

Siku ya tatu ya mafunzo tulikwama kwenye neno moja.
Tulikuwa kumi na wanne, chumba cha juu, chuoni Dodoma,
feni ikizungusha vumbi lile lile la Septemba,
na ukutani picha ya ubongo wa panya,
umetiwa rangi ya zambarau kama mikono ya mama
msimu wa kuchuma zabibu Hombolo.

Dokta Ndahani alisema: andikeni “uvimbe”.
Tukaandika. Nesi Mbeleje akafuta.
“Ukimwambia mtu ubongo wake una uvimbe,
anarudi nyumbani kugawa mbuzi wake.”

Yule wa Kampala, kwenye skrini, sauti inakatikakatika,
akapendekeza “moto”. Moto ndani ya ubongo.
Chumba kikapoa.
Hakujua. Angejuaje?
Kwetu moto una kesi nyingine:
mtoto anaanguka jikoni, mafiga yanamtazama,
na watu wazima, wenye mikono miwili miwili,
wanasimama mlangoni wakiogopa povu lake.
Mdogo wangu Chibago ana vidole viwili mkono wa kushoto.
Sikulisema. Niliinamia hadubini
kama mtu anayetafuta kishikizo kilichodondoka.

Mle kiooni walikuwamo walinzi.
Wakitulia, hutandaza matawi membamba,
mgunga wakati wa kiangazi.
Wakishtuka, hukunja matawi, hunenepa,
huwa duara, hula.
Humla adui.
Halafu, siku nyingine, hula na shamba.

Alhamisi tukaenda Handali na fomu zetu za ridhaa,
kurasa saba, mihuri miwili.
Mama Sechelela alikuwa anapepeta uwele.
Binti yake, Tabitha, aliugua homa ya uti wa mgongo
mwaka juzi; akatibiwa, wadudu wakaisha,
akaandikiwa kuwa amepona.
Kifafa hakikusoma karatasi hiyo.

Nilisoma fomu hadi ukurasa wa nne.
Ungo ukasimama.
“Mdudu yupo au hayupo?”
Hayupo, mama. Waliobaki ni walinzi wa mwili wake mwenyewe.
Akacheka kwa puani.
“Kumbe mbwa.”

“Fisi anakuja zizini usiku, mbwa wanabweka.
Fisi anaondoka. Nani atawaambia?
Wanabweka mpaka alfajiri,
wanang’ata hata ndama.
Mmesoma miaka yote hiyo, hamjafuga mbwa?”

Akatia dole gumba,
kisha akaliangalia lile doa la wino
kana kwamba ni sisi tuliokuwa tunadaiwa.

Ijumaa ilikuwa mabishano matupu.
Fomu inakwenda kamati ya maadili, alisema Ndahani,
na kamati haina mbwa.
Yule wa Kampala alicheka mpaka mtandao ukakatika;
aliporudi alikuwa bado anafuta macho.
Tukaacha “uvimbe” pale juu, penye sahihi,
na chini yake, kwa mwandiko wa Mbeleje uliolala upande:
*fisi ameondoka, mbwa bado wanabweka;
tunataka kujua kwa nini.*
Sijui kama kamati itapitisha.

Saa tatu usiku umeme ukakatika.
Zamu ilikuwa yangu. Jenereta likakohoa mara mbili, likashika,
na friji ikaendelea kuyatunza
maji ya uti wa mgongo wa Tabitha,
matone yasiyofika ishirini,
maangavu, hayana habari usoni.

Nikapiga simu nyumbani.
Chibago amemeza dawa?
“Amemeza, amelala,” mama alisema, naye sauti ya usingizi.
Nyuma yake, huko Hombolo, mbwa mmoja.
Nilimwambia asikate kwanza.
Nikakaa na simu sikioni,
nikihesabu sekunde kati ya mbweko na mbweko,
kama nilivyozoea kuhesabu nilipokuwa na miaka tisa,
nimekishika kichwa chake mapajani.