Hana Neno

Huku Machame, nikipita na mkongojo wangu,
wanaume wa kilabuni huinua vibuyu vya mbege:
"Mzee Ndekirwa huyo. Hana neno."
Wanamaanisha nina roho nyeupe.
Mimi hulisikia lile neno nisilokuwa nalo.

Lilikuwa fupi. Pumzi moja ingelitosha:
Munuo, toa hicho chuma chini ya mizani.

Msimu wa kahawa, ghala la chama,
mimi karani, kalamu nyuma ya sikio,
Munuo kwenye mizani akipiga mluzi wa tenzi za Jumapili.
Kipande cha nondo, urefu wa kidole,
kimejibanza chini ya bamba kama mjusi,
kinakula kilo mbili kila gunia.
Nilikiona Jumanne ya kwanza,
nilipoinama kuokota kifutio.
Nikaokota kifutio.

Akaja Mama Aikande, mzigo kichwani,
kwa miguu tangu Nronga, umande ungali kwenye kanga.
"Kumi na nane," akasema Munuo.
"Nyumbani ilikuwa ishirini,"
akasema mama, lakini si kwa Munuo.
Aliniangalia mimi,
mwalimu wa bintiye wa shule ya Jumapili,
niliyemkaririsha mara tatu mtoto yule
amri ile ya shahidi wa uongo.

Nikaandika 18.
Mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Wakaguzi waliusifu.

Sikupewa hata senti. Nataka hilo lijulikane,
kisha najiuliza, lijulikane ili iweje?
Munuo aliiba akaezeka nyumba bati.
Mimi niliiba nikabaki na sifa njema.

Aikande aliacha shule kidato cha pili, ada.
Kilo mbili, mara magunia, mara misimu:
hesabu hiyo, mimi karani, sijawahi kuipiga.

Leo asubuhi nimekata jani la isale.
Kwetu jani hili huomba radhi.
Unalishika, unasimama uani,
na aliyekosewa hapaswi kulikataa.
Nimepanda hadi kwenye kihamba chao.
Mama yumo migombani, chini ya msalaba wa saruji,
nyasi zimefyekwa vizuri.
Njia nzima nilifurahi, nakiri,
kwamba jani litasema, mimi nisimame tu.
Pale langoni ndipo aibu ikanishika:
hata toba nimeitafutia karani.

Aikande ametoka zizini, kanga kiunoni,
viganja vimejaa harufu ya maziwa.
Ameliona jani. Hajanyoosha mkono.
Amenitazama kwa macho yale yale,
ya ishirini, si ya kumi na nane,
akauliza, kama amwulizavyo mgeni yeyote:

"Mzee, una neno?"