Sauti ya Kuazima

Sarayu Bangera, filamu kumi na moja,
na katika zote hukutamka neno lililosikika.

Nilitamka mimi,
studio ya Andheri, chumba cha chini kisicho na dirisha,
hiliki chini ya ulimi,
karatasi nimeibana kwa vidole viwili isije ikachakacha,
nikiitazama midomo yako, mipana kama mlango wa hekalu,
nikingoja ifunguke niingie.

Walisema Kihindi chako kina changarawe,
kinanuka Kitulu, mama yako kakaa katikati ya kila sentensi.
Wakauchukua uso, wakaniita mimi.
Nililipwa kwa mkanda, taslimu,
na jina langu, Hemlata Dighe, halikupanda kwenye kiwambo
hata mwishoni, watu wanapoinama kutafuta viatu.

Uso ulikuwa umetangulia peke yake.
Kalenda ya kampuni ya matairi, mwezi wa Julai:
miaka kumi na tisa, umesimama chini ya mvua ya bomba,
unatetemeka, unatabasamu.
Kisha sabuni.
Kisha bango la stesheni ya Dadar,
ambapo mchoraji alikukosea kidevu
na watu wakakipenda kile chake kuliko chako.
Wenye gere wakanong'ona: uzuri wa mkakasi.
Kipande cha mti kilichokuwa ndani
kilirudi nyumbani kwa treni ya saa tano usiku,
behewa la wanawake, kikinywa maji ya tangawizi.

Ile filamu ya nne, unapolia kando ya kisima,
watu wa Nagpur walirusha sarafu hadi kiwambo kikatoboka.
Machozi yalikuwa yako, ya glisarini.
Kwikwi zilikuwa zangu; nilikuwa nimemchoma baba juzi yake
na bado moshi ulikuwa kwenye nywele.
Sijui, Sarayu, kati yetu nani alilia.

Mwaka wa kwanza u mpenzi wa shujaa.
Mwaka wa sita u shemeji yake.
Mwaka wa kumi wakakuletea mvi za kopo,
wakakuambia: mzae.
Yeye alikuzidi miaka minane.
Walinisimulia wapaka rangi kwamba ulicheka,
ukafunga sanduku la vipodozi, ukamwachia dereva viatu vya dhahabu,
na treni ya kusini ikakuchukua
na nusu ya filamu ikabaki bila mama.
Mimi nikatafutiwa mdomo mwingine.

Leo nimepanda kilima cha Kadri, magoti yakinilaani,
nikakukuta uani unamenya fenesi, mikono imepakwa mafuta ya nazi.
Miaka thelathini na minne, ndiyo kwanza tunaonana.
Ukasema, "Karibu," na nikashtuka:
sauti nzito, ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya shamba.
Nzuri. Wangeiacha.

Ukanieleza ya kijana wa televisheni aliyepiga simu,
akamtaka Sarayu Bangera.
"Ndiye mimi," ulimjibu.
Akasema, "Samahani mama, nimekosea namba."
Ulicheka hadi kisu kikakuanguka,
nami nikacheka, ingawa mimi nilikuwa na haya.

Simu ikalia tena. Yuleyule.
Mikono yako imejaa ulimbo; ukaisukuma kwangu kwa kiwiko.
Nina miaka sitini na minane, meno mawili ya kupachika,
lakini koo halijui. "Ndiye mimi," nikasema,
na kule upande wa pili mtu akavuta pumzi kama aliyeona bango likigeuka.
Akauliza unakumbuka nini, unatamani nini,
ungerudi?

Karatasi sina.
Nikakutazama midomo, kama zamani,
nikingoja.
Ukatoa kokwa, ukalitupa kwenye beseni,
ukafikiri kwanza.