Upande wa Pili wa Kaseti

Baba aliniachia kaseti kumi na moja
na kalamu ya biki ya kurudishia mkanda.
Shamba alimpa Nanguka. Mimi nilipewa sauti.

Sauti za wakubwa wa zamani, alizozinasa redioni
huku akimkataza hata jogoo kuwika:
wa mkoa, wa nchi, wa nchi jirani,
waliokwisha kufa na waliokwisha kupinduliwa,
wote ndani ya boksi la viatu linalonuka salfa.

Nilipoamua kugombea uenyekiti wa chama chetu cha msingi, Kitangari,
sikwenda kwa mganga, wala sikununua kofia za kugawa.
Nilikaa jikoni na betri nne
nikajifunza kunyamaza.

Maana yule mmoja, kabla ya neno lenyewe,
alinyamaza hadi ukadhani mkanda umekatika.
Nilimhesabia: moja, mbili, tatu, nne,
ndipo analishusha, kama mtu anayetua gunia
miguuni pa aliyelidai.
Mwingine aliuliza tu maswali ambayo majibu yake umelala nayo.
Mwingine alisema "sisi" mpaka nami, peke yangu, nikaitika.

Bibi Asumini alinisikia nikimwiga huyo wa tatu.
Akaacha kumenya ming'oko.
"Huyo namjua. Alikuja na gari la kijivu.
Alisema vizuri mno. Tukapiga makofi,
kisha tukaenda kung'oa milango yetu wenyewe
tukaihamishia barabarani.
Mikono hii ilipiga makofi. Mikono hiihii iling'oa bawaba."
Akarudi kwenye ming'oko yake.

Siku ya mkutano ghala lilijaa.
Nikainua mkono kama yule wa nchi jirani.
Nikanyamaza: moja, mbili, tatu,
mtoto akapiga chafya, watu wakacheka.
Nikasema "sisi". Bi Somoe Likapa akadakia kutoka nyuma,
mwenye magunia tisa na deni la salfa:
"Sisi nani? Wewe ulikuwa karani wa mizani."

Hapo nikaikumbuka kaseti ya saba, upande wa pili,
aliyoirudisha baba na kuirudisha hadi sauti ikapauka.
Sikuwahi kuelewa alikuwa anatafuta nini mle.
Hakuna makofi. Karatasi inageuzwa,
kikohozi,
halafu mtu mzima anasema, kama anayejisemea:
"Hapa tulikosea. Nilikuwepo."

Nikashusha mkono.
Nikasema: mizani ya msimu uliopita ilikula kilo mbili kila gunia.
Nilijua tangu mnada wa pili.
Niliandika nilichoambiwa niandike.
Bi Somoe, magunia tisa: kilo kumi na nane.
Chitanda, ishirini na mawili: arobaini na nne.
Nikafungua daftari, nikaendelea na majina
kwa sauti yangu mwenyewe, nyembamba, yenye mafua,

na ghala likanyamaza
bila mimi kuhesabu.

Kura? Nilikosa kwa kumi na tatu.
Aliyeshinda aligawa kofia.
Mizani imeng'olewa, imeegeshwa ukutani, inasubiri wakaguzi
ambao hawajafika.

Usiku ule Bi Somoe alikuja, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa.
"Sijakusamehe," alisema.
"Ila nani alikufundisha kusema vile?"
Nikaanza kuitafuta kalamu ya biki.