Rangi, Tamu, Harufu

Chupa kumi na mbili zenye vifuniko vya buluu
nimezipanga kwenye sanduku la barafu nyuma ya gari
kwa uangalifu, kama mayai ya mtu mwingine.
Kila moja nimeiandika: kisima, tarehe, saa, kina.
Kisima cha saba ni cha kwetu.

Hapa Ras Dhuwaiba wenye kambi waliondoka
mwaka nilipong'oka meno ya mbele.
Wakapiga mnada siku tatu:
vitanda vya chuma, feni, milango yenye namba,
hata kengele ya bwalo, aliyoinunua Bi Shinuna
akaitundika bandani, na mbuzi wake
wakajifunza saa za kula za maafisa.
Kilichokosa mnunuzi kilibaki:
njia ya ndege inayobanduka magamba kwa jua,
mapipa yaliyotoboka tumbo,
na lile shimo jeusi walimozoea kuwasha moto
ili wapate moto wa kuuzima.

Kuwasha kila Alhamisi. Kuzima kila Alhamisi.
Aliyeshika mpira ni Baba.

Alitoka Wete na sanduku la bati
na Kiarabu kinachochechemea;
nani angempa kazi? Walimpa hao,
na kofia ya chuma, na viatu vya kufika magotini,
na povu.
Lilitoka jeupe, zito, kama tui la kwanza,
likaufunika moto, moto ukanyamaza bila kubisha.
Sisi watoto nyuma ya seng'enge tulishangilia.
Upepo ukitutupia tulijipaka ndevu,
tukawa makadhi, tukaozana.
Kufika magharibi mchanga ulikuwa umelinywa lote.
Tukadhani basi.

Mchanga haukulinywa. Uliliteremsha tu,
tone kwa tone, miaka thelathini na mitano,
mpaka chini kwenye maji tunayovuta kwa mashine.
Maabara kule Maskati hawaliiti povu,
wanaliita kwa herufi nne,
na Muadhi, mkuu wangu, mtu asiyepoteza neno,
alinieleza hivi: halivundi, halifi kwa kuchemshwa,
kitambaa hakilizuii, jua haliliwezi.
Akanyamaza. Kisha: wala figo.

Nimemkuta Baba barazani, kopo la udhu mkononi.
«Yanasemaje maji, Ghanima?»
Kimya changu akakipima kama mtihani wa chuoni,
kwani ni yeye aliyenifundisha, nikiwa na miaka sita,
sifa tatu za maji, kwa kunigonga vidole vitatu.
«Rangi yake?»
Haikubadilika, Baba.
«Tamu yake?»
Ile ile.
«Harufu?»
Hamna.
«Basi ni tohara,» akasema, akajaribu kucheka,
na vidole vyake vitatu vikabaki hewani
vikingoja cha nne.

Kwenye fomu pana mahali: Chanzo Kinachodhaniwa.
Mistari miwili mitupu. Nimejaza mmoja:
shimo la mazoezi ya moto, mita mia nne, upande wa juu.
Sikuandika nani alishika mpira.
Fomu nayo haina mstari wa kuuliza
nani alilipakia melini yale madumu,
alijua nini, na alijua lini.

«Kila Alhamisi,» Baba akasema, si kwangu.
«Wakinisifu. Walisema nina mkono mtulivu.»
Akautazama huo mkono
kama kitu alichokiokota njiani, kina mwenyewe.

Nikamwambia kesho litakuja gari la maji,
asitumie haya hata kwa kuoshea mchele.
Akaitika. Akainuka na kopo lake limejaa,
akaelekea kwenye mndimu, kama siku zote,
akainama, akasita.
Akageukia banda la mbuzi. Akasita.
Akatazama mchanga, miguuni pake,
ule mchanga,
na kopo limemlemea mkono mtulivu,
akitafuta pa kuyamwaga.