Limepunguzwa

Barua ilifika Jumatatu, bahasha ya kaki, muhuri wa wilaya,
nami, kwa kuwa sikuwa nimeandaa somo,
nikatoa nakala ishirini na mbili;
wino ukaisha njiani,
mbili za mwisho zikatoka rangi ya moshi.
Nikasema: leo tusome hii.

Chumba namba tisa, nyuma ya shule ya watoto.
Viti vifupi, magoti ya watu wazima yanagonga meza.
Nje Bonde la Kati, Kalifonia, Januari,
ukungu umekaa juu ya mizabibu kama mgeni asiyeaga.
Eusebio ametoka shambani moja kwa moja,
mkasi wa kupogolea umemtuna mfukoni.
Mai Yer ana mtihani wa cheti mwezi wa tatu
na mtoto mgongoni mwa kiti, analamba penseli.

*Kutokana na upungufu wa mapato ya jimbo*
(tulikaa dakika kumi kwenye neno *mapato*)
*fungu la elimu ya watu wazima limepunguzwa.*
Eusebio anafuata kwa kidole:
li-me-pu-ngu-zwa.
Akainua kichwa. Nani?
Nani nini?
Nani kapunguza, mwalimu?

Somo lilikuwa hapo, limejileta.
Nikaandika ubaoni:
Eusebio anakata tawi.
Tawi linakatwa na Eusebio.
Tawi linakatwa.
Mmeona? Mtenda katoka mlangoni
na sentensi haikuanguka.

Wakajaribu wenyewe, kila mtu daftarini mwake.
Kodi ya nyumba imepandishwa.
Zamu yangu imeondolewa.
Mume wangu alirudishwa.
Hiyo ya mwisho sikuisahihisha. Haikuwa na kosa.

Sikuwaambia kwamba niliwahi kwenda makao makuu ya jimbo,
tukiwa walimu sita ndani ya gari la Odília,
tukakutana na kijana wa bajeti, macho mekundu kwa kukesha,
akatuonyesha kitabu kinene kama tofali
na sisi ndani yake, mstari mmoja,
juu yetu magereza, chini yetu ukarabati wa madaraja.
Chungu ni kimoja, alisema, na moto wa misitu umekula nusu.
Alitumiminia kahawa kwa mkono wake.
Angekuwa mtu mbaya ningelala vizuri.

*Madarasa ya Jumanne na Alhamisi yatasitishwa.*
*Malezi ya watoto hayatatolewa.*
Harbans Kaur, miaka sitini na mmoja,
ambaye wiki nzima asilimia zilikuwa zinamkimbia
kama kuku waliofunguliwa,
akanyoosha mkono, hakungoja aitwe:
Siku nne, toa mbili. Hamsini kwa mia!
Sawasawa, nikasema. Sawasawa kabisa.
Darasa likampigia makofi.
Akacheka, akafunika mdomo kwa ncha ya dupatta,
kisha nikamwona akiitazama karatasi tena,
akitambua alichokihesabu.

Mtoto wa Mai Yer alikuwa amelala.
Mashine ya joto ikakohoa, ikanyamaza;
hiyo nayo ina mgawo wake siku hizi.

Eusebio hakuwa amemaliza.
Mimi nakata tangu nina miaka kumi na minne, alisema,
kwa ile lugha yake inayopanda ngazi moja moja.
Kukata si kubaya. Usipokata, mzabibu unakuwa kichaka.
Lakini kila tawi naliachia macho mawili.
Ukikata yote, Agosti utavuna nini, kuni?
Akaigonga barua kwa kidole chenye gamba:
Hawa, wameacha macho mangapi?

Nikaigeuza karatasi kutafuta.
Nyuma ilikuwa nyeupe.
Ilikuwa saa tatu kasoro, tulikuwa bado na dakika kumi na tano,
za halali, zilizokwisha lipiwa.
Haya, nikasema, toeni kalamu.
Upande huu tunaandika sisi,
na kila sentensi iwe na mtu ndani yake.