Kabla Hujalipa

Kaa. Usitoe simu kwanza.
Umetoka Ngarenaro na basi la alfajiri,
chai hujanywa, naona kwa midomo,
na mimi sitaki kukuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kinanda hiki nilikinunua Kiboriloni,
chini ya lundo la pasi na feni zisizo na mapanga,
kwa Aikaruwa, yule anayepima vitu vya umeme
mkononi, kama nyama.
Alisema, "Kizuri chajiuza."
Nikamwuliza, mbona basi unakipigia debe?
Akacheka mpaka akanipunguzia elfu kumi,
akatupia na kigemu cha kijivu, nyongeza,
kama mwenye nyanya anavyoongeza hoho.

Kigemu hakiuzwi. Hicho usikiangalie.
Kina sauti nne tu: mbili za mraba, moja laini,
moja ya mchanga unaomwagwa juu ya bati,
na kwa hizo nne nimemwibia mzee Lyatuu usingizi
mwaka mzima. Anagonga ukuta usiku:
"Kijana, nunua umeme! Luku yako inalia!"

Sasa makosa yake.
Mfuniko wa nyuma una ufa, nimeuziba kwa gundi.
Adapta si yake, ni ya redio, ila volti zinalingana.
Kitufe cha sauti ukikizungusha kinakwaruza
kama sufuria ikikwanguliwa ukoko.
Fa ya tatu kutoka kushoto ilikuwa bubu.
Fundi Anaeli wa Majengo alikifungua,
akakuta chini yake punje mbili za mchele
na stika ya maandishi tusiyoyajua.
Akasafisha kwa spiriti na mswaki. Ikasema.

Lakini akapachika mita yake kwenye betri,
ile ya mviringo, kama kifungo cha koti,
akanionyesha namba bila kuongea.
Hii ndiyo inayoshika kumbukumbu.
Ukiitoa, vyote vilivyohifadhiwa vinafutika.
Ukiiacha, itakwisha yenyewe, na vitafutika.
"Chagua," akasema,
akaendelea na redio ya mtu mwingine.

Na humo ndani, namba thelathini na saba,
kuna kitu.
Si wimbo. Ni robo ya wimbo,
kama mtu aliyeanza kusimulia
akaitwa mlangoni.
Sijui nani. Sijui kama alirudi.
Nimekisikiliza nikikunja mashati, nikisubiri maharage,
miezi minne kabla sijang'amua:
hakigusi ile Fa.
Kinashuka kutoka So, kinaikaribia, kinaruka hadi Mi,
vile sisi wa Pasua tunavyoruka dimbwi
tunalolijua tangu utotoni,
hata kiangazi, likiwa limekauka.

Kumbe huko kilikotoka pia kilikuwa kibovu.
Mtu alikuwa na kinanda chenye pengo
na hakusubiri fundi.

Nimejaribu kukihamishia kwenye kigemu,
kwa zile sauti nne. Kimekuwa
kama picha ya pasipoti ya mtu uliyempenda:
pua ni yake, masikio ni yake.

Ninauza kwa sababu ya kodi, nisikufiche.
Laki mbili na nusu.
Ukibadili betri leo, kabla ya kusikiliza, ni laki tatu.
Hiyo hamsini ya juu ni rambirambi.

Haya, chomeka. Swichi iko nyuma, ibonyeze kwa kucha.
Taa yake huwaka kwa kusitasita, usiogope.
Nenda thelathini na saba.
Usiongee.
Mzee Lyatuu akigonga ukuta,
mwache agonge.