Punje Saba

Waraka umekuja kwa pikipiki ya gombolola,
wino wa muhuri haujakauka:
serikali inapunguza mkono wake
kwenye ada ya bima. Pengo, azibe mkulima.
Na wa kuyasema hayo, mimi.

Kabasinguzi hakunipa kiti.
Alinishika kiwiko, tukaingia shambani,
mahindi yamesimama
kama njiti za kibiriti zilizokwisha kuwaka.
"Atwooki, setilaiti yenu ilisema kumenyesha."
Kulinyesha, ndiyo,
ng'ambo ya barabara ya Kigumba,
ndani ya mraba uleule wa ramani.

Maneno nilikuwa nayo. Tulifundishwa siku tatu hotelini Masindi,
kwa chai na kalamu ya bure:
fahirisi, kizingiti, kiwango cha hasara.
Yakanikaba kama pumba.

Akakonyoa hindi, akalimenya, akanipa.
Punje saba. Nilizihesabu mara mbili.
"Zipeleke Kampala," akasema,
"nazo waziandikie waraka."

Zimo bado mfukoni mwa koti,
zinagongana na kalamu ile,
na kitabu cha risiti cha msimu huu
nakizungusha kijiji kwa kijiji,
ukurasa wa kwanza mweupe.